Nina rekodi safi, mbona sikopesheki?

Barua ya wazi kwa Gavana wa Benki Kuu ya Tanzania, Waziri wa Fedha, na wakurugenzi wa mabenki yote yenye matawi Dodoma

YAH: KUNYIMWA KADI YA MKOPO BILA KUPEWA SABABU

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Ndivyo tulivyofundishwa kuanza barua ya kiofisi, na kwa kuwa kazi yangu ni kuchapa barua za watu wengine, leo naitumia fomula ile ile kwa ya kwangu. Mbukwenyi, kama tunavyosalimiana huku, wakubwa zangu.

Nina duka la steshenari na uchapishaji hapa Makole. Nimezaliwa Mpwapwa, nimeolewa Dodoma, na duka nimelifungua mwaka 2011, wakati mji huu ulikuwa unachangamka Bunge likikaa na kusinzia wabunge wakiondoka. Mwaka 2016 ikatangazwa kwamba serikali inahamia huku moja kwa moja. Wapo waliocheka. Mimi nikakopa, nikaongeza mashine. Leo, kama umewahi kukaa kwenye semina katika ukumbi wowote wa mjini hapa ukapewa kijitabu na kalamu, inawezekana kabisa kijitabu kile kilitoka mikononi mwangu.

Kabla ya mwaka huu nilikuwa nimekopa mara nne katika maisha yangu. Mwaka 2013 kikundi chetu cha wanawake kilinipa laki 3. Mwaka 2016 benki ikanipa milioni 4. Mwaka 2019 milioni 12 za mashine ya kuchapa kwa rangi, na hizo nilizimaliza mwezi mmoja kabla ya muda. Mwaka 2022 milioni 8, nikamaliza 2024. Sijachelewesha rejesho hata moja, hata ule mwaka wa korona ambao harusi zilipungua na kadi hakuna aliyezitaka. Basi mwezi wa pili mwaka huu nikaomba kadi ya mkopo yenye ukomo wa milioni 5, nikiwa na uhakika wa mtu anayekwenda kuchukua nguo zake kwa fundi.

Kuna watakaouliza, ya nini kadi ya mkopo wakati lipa namba ipo na kadi za kwenye simu zipo? Zipo, nazitumia kila siku. Lakini hizo zinahamisha hela ambayo tayari unayo. Mimi shida yangu ni hela ambayo ni yangu ila haijafika. Muuza karatasi wa jumla kule Dar hapakii rimu kwenye lori mpaka alipwe. Spea za mashine yangu zinatoka Guangzhou, na muuzaji hajui kama kuna mji unaitwa Dodoma. Programu ya kusanifia kurasa inakatwa kwa dola kila mwezi, siku ile ile, uwe umeuza au hujauza. Kadi nyingi za mkopo huacha wiki kadhaa, nyingine zaidi ya siku 40, kati ya siku unayonunua na siku unayotakiwa kulipa, na ukilipa deni lote kwa wakati hakuna riba. Kwa mchapishaji, wiki hizo ni muda wa kununua karatasi, kuchapa na kukabidhi kazi.

Jibu lilikuja Jumanne, saa nne asubuhi. Nilikuwa nakata vijitabu, kisu cha mashine kiko juu, simu ikatetemeka mezani. "Ndugu Mteja, tunasikitika kukujulisha kuwa ombi lako halikufanikiwa. Asante kwa kuendelea kuwa nasi." Maneno 13. Nimeyahesabu kwa mazoea tu, maana kuhesabu maneno ndiko kunakonilisha. Kadi ya mwaliko ikizidi maneno lazima upunguze herufi. Katika yale 13 hapakuwa na hata moja la kusema kwa nini.

Nikafunga duka mchana, nikaenda tawini. Dada wa dawatini ni rika la binti yangu, akanipa shikamoo na kiti. Akaingiza namba yangu ya NIDA, akasoma kimya, akasema: "Mama, mfumo umekataa."

Nikamuuliza, mfumo ndiye nani?

Akacheka kwa aibu. Akageuza skrini kidogo. Haikutosha kunifanya nisome, ilitosha kunionyesha kwamba kuna mahali pamekuwa pekundu. Akanishauri nijaribu tena baada ya miezi mitatu. Nikauliza, katika hiyo miezi mitatu nirekebishe kitu gani? Akasema hilo hata yeye haonyeshwi. Simlaumu, na ndiyo maana benki yenyewe siitaji hapa. Binti yule alikuwa amefungiwa nje ya chumba kile kile nilichofungiwa mimi, tofauti yetu ni kwamba yeye amevaa sare.

Kwa kuwa mimi ni mbishi, nikaomba taarifa yangu ya mikopo. Wasomaji wengine hawajui kama jambo hili linawezekana, basi niseme: tangu kanuni za Benki Kuu za mwaka 2012, ipo kanzidata ya taarifa za wakopaji, mabenki yanapeleka humo habari za kila anayekopa na anavyolipa, na zipo taasisi zenye leseni za kuchakata taarifa hizo na kumpa mtu alama. Ya kwangu ikaja. Alama nzuri, hatari ndogo, malipo yaliyochelewa: hakuna. Nikaichapa kwa rangi, nikaibandika ukutani nyuma ya mashine ya fotokopi. Wateja wanadhani ni cheti cha mlipakodi bora.

Sasa hapo ndipo swali lilipoanza kuninyima usingizi. Kama ningekuwa mdaiwa sugu, ningenyamaza. Lakini karatasi ya taasisi mliyoipa leseni ninyi wenyewe inasema huyu mama hulipa, na benki mnayoisimamia ninyi wenyewe inasema huyu mama hapana. Nani kati yenu anajua lile ambalo mwenzake hajui?

Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja mstaafu, alikaa dawati la mikopo zaidi ya miaka 20, siku hizi anafuga kuku wa kienyeji Ilazo. Alikuja kutoa kopi ya hati ya kiwanja, akaona karatasi yangu ukutani, akacheka sana. Akavuta benchi. "Binti yangu," akasema (nina miaka 44, lakini kwake ni binti), "hii alama inajibu swali moja tu: huyu akikopeshwa, hulipa? Benki ina maswali mengine ambayo hayamo humu." Akaniomba stetimenti ya miezi 12. Akavaa miwani. Hakutazama kiasi kilichoingia mwaka mzima; alikwenda mwezi kwa mwezi, kidole kikishuka taratibu, kisha akanigeuzia ukurasa.

Wakubwa zangu, mnaokaa huku mnayajua makorongo ya Dodoma. Januari mvua ikinyesha Jumapili, Jumatatu korongo linabeba hata ng'ombe. Ukirudi baada ya mwezi ni mchanga mtupu na watoto wanacheza mpira. Stetimenti yangu ndivyo ilivyo. Julai laki 7. Agosti laki 9. Septemba milioni 1 na kidogo. Inaendelea hivyo hivyo ikichechemea mpaka ghafla mwezi Juni zinaingia milioni 31. Mzee akauliza, Juni kuna nini? Nikamjibu: 30 Juni mwaka wa fedha wa serikali unafungwa, ofisi zinalipa madeni ili vifungu vya bajeti visibaki na hela. Korongo langu mimi hufurika wakati ya kweli yamekauka.

Mheshimiwa Waziri wa Fedha, hapa naomba nikugeukie wewe, ukiniwia radhi. Septemba mwaka juzi nilipewa LPO, yaani hati ya ofisi ya serikali ya kuagiza kazi, ya milioni 6 na laki 8, vijitabu na mabango. Nikachapa kwa hela yangu, nikapeleka Mtumba kwenye mji wa serikali, nikasainiwa hati ya kupokelea, nikatoa risiti ya mashine ya kodi (EFD). Nilipokwenda kuulizia Novemba nikaambiwa "mama, kifungu hakijapata fedha." Januari, kifungu hakijapata fedha. Machi, aliyekuwa anajua habari za kifungu alikuwa amehamishwa. Nikalipwa Juni, ikiwa imekatwa kodi ya zuio kama sheria inavyotaka. Hilo sina ugomvi nalo, kodi ni kodi. Ugomvi wangu ni huu: miezi tisa ile serikali ilikuwa imekopa kwangu bila riba na bila kujaza fomu yoyote. Mimi sikuitazama stetimenti yake. Kisha nilipokwenda benki kuziba pengo lile lile, nikakataliwa, kwa maelezo ya mzee, kwa sababu kipato changu "hakitabiriki".

Ni kweli hakitabiriki. Nani amekifanya hivyo?

Mzee wa Ilazo hakusema benki imekosea kuona mashaka, na mimi pia sisemi. Mfumo unatazama wastani wa mwezi, unaona miezi tisa ya laki kadhaa, unajiuliza huyu akitumia milioni 5 mwezi wa tisa atalipa na nini mwezi wa kumi? Swali halali kabisa. Lakini wazee wa Kigogo hawasemi korongo halina maji kwa kulitazama juu. Wanashuka na kata na jembe, wanachimba mchangani, na chini pale maji yapo, miezi yote ya kiangazi. LPO zangu zilizosainiwa, zenye muhuri wa wizara, ndiyo maji ya chini. Hakuna sehemu kwenye fomu ya kadi ya kuziandika. Nilitafuta. Kuna sehemu ya kuandika mwajiri, cheo, na tarehe ya mshahara. Mfanyabiashara anabanwa ajifanye mwajiriwa wa nafsi yake, kisha anaonekana mwajiriwa wa ajabu anayelipwa mara moja kwa mwaka.

Kuna jingine alilogundua mzee, na hili nakiri ni la kujitakia. Baada ya ile SMS nilipandwa na hasira, nikaomba benki ya pili. Ikakataa. Ya tatu. Ikakataa. Nikajaribu na programu mbili za mikopo kwenye simu, kuona tu watasemaje. Kila niliyemwomba alifungua taarifa zangu, na kila kufungua kukaandikwa. Ndani ya miezi miwili nilikuwa nimeulizwa mara tano. Kwa aliyeko upande wa pili wa skrini, mtu anayeomba mikopo mitano kwa miezi miwili ni mtu anayezama. Kumbe kila nilipobisha hodi, jirani alisikia. Yule dada aliponiambia nijaribu tena baada ya miezi mitatu huenda ndicho alichokuwa anakizungukia, ila hakuna aliyemfundisha kukisema. Angeniambia "mama, tulia, usiombe popote mpaka Juni", ningetulia. Tena ningempelekea kalenda.

Mengine nayapitia haraka. Ule mkopo wa 2022 niliomaliza ulikuwa bado umeandikwa "hai", salio sifuri. Ulikuwa umezimwa tawini ila haujazimwa kwenye taarifa, na kuusafisha kulinichukua safari nne. Nilimdhamini shemeji yangu SACCOS achukue bajaji, na udhamini, mzee akasema, afisa makini huuhesabu kama nusu deni. Jina langu NIDA ni la ubini, kwenye akaunti ya zamani ni la ndoa. Hakuna hata kimoja hapo chenye uzito wa kumwangusha mtu, lakini mashine inajumlisha.

Na isionekane hili ni la wenye maduka tu. Jirani yangu ni mwalimu wa sekondari, na rekodi yake ni safi kuliko yangu. Itachafukaje wakati makato yanakatwa kabla hajaiona hela? Ana mkopo wa benki wa kujengea Nzuguni, ana asilimia 15 ya Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu inayokatwa kwenye mshahara wa msingi, ana mfuko wa pensheni, bima na kodi. Kanuni inataka theluthi moja ya mshahara ibaki mkononi, na ya kwake imebaki ile ile theluthi, haina pa kumegwa tena. Naye alinyimwa kadi, naye aliambiwa mfumo umekataa. Kwake yeye benki ilikuwa sahihi mia kwa mia! Lakini alikaa wiki nzima akiamini kuna mtu amekopa kwa jina lake, akaenda mpaka polisi. Sentensi moja ingemwokoa nauli.

Halafu yupo mkulima wa zabibu wa Hombolo, mteja wangu wa lebo, ambaye hajawahi kudaiwa hata chumvi. Maisha yake yote hununua taslimu. Mfumo ulipomtafuta haukumwona kabisa. Yeye hana rekodi mbaya wala nzuri, na kwa mashine huyo ni kama hajazaliwa. Tulifundishwa na wazazi wetu kwamba kutodaiwa ni heshima. Sasa kijana wangu ananiambia anataka kukopa kidogo kidogo kwenye simu "ili aonekane". Sijui nimjibu nini.

Nilipokwenda benki ya nne, na hii ilikuwa kuuliza tu bila kuomba, maana nilishajifunza, meneja alikuwa mstaarabu. Akaniambia kadi ipo, ila niweke amana ya muda maalumu ya milioni 5, ifungwe, halafu nipewe kadi yenye ukomo wa hizo hizo au pungufu. Nilimshukuru. Nikiwa nashuka ngazi ndipo nikaielewa vizuri: natakiwa niwape milioni 5 zangu ili wanikopeshe milioni 5 zangu. Naelewa kwamba kwa mtu asiye na rekodi hiyo ni njia ya kuanzia, na huko duniani ipo pia. Lakini kwa mtu aliyemaliza mikopo minne? Ningekuwa na milioni 5 za kufungia kabatini, karatasi ningeshanunua.

Mnajua mtu akishakataliwa mara tatu huenda wapi. Mnajua, maana Novemba 2024 Benki Kuu iliyatangaza majukwaa na programu 69 za mikopo ya mtandaoni yanayofanya kazi bila leseni, na mtaani tulishangilia. Kausha damu wenyewe, wale wakopeshaji wa mtaani wa riba kubwa, hawakuhama. Aprili nilikuwa na kazi ya kadi za harusi tatu na sina karatasi, nikachukua milioni 1 kwa mtu anayekaa nyuma ya soko, kurudisha milioni 1 na laki 3 ndani ya siku 30. Nilirudisha siku ya 27. Yeye hakuniuliza stetimenti, aliuliza mashine yangu ina thamani gani, akaja kuipiga picha. Faida ya kadi zile tatu za harusi ilikuwa laki 3 na elfu 40. Yaani nilichapa usiku kwa wiki nzima ili nibaki na elfu 40 na mgongo unaouma. Na malipo yale, niliyolipa kabla ya siku, hayataonekana kwenye kanzidata yoyote. Rekodi yangu nzuri kuliko zote ndiyo hiyo na hakuna aliyeiandika.

Mpwa wangu anaendesha lori kule Minneapolis, Marekani. Nilipomsimulia akacheka, akasema hata yeye alinyimwa kadi mwaka jana, na alama zake zilikuwa 751, katika kipimo chao cha FICO kinachoanzia 300 na kuishia 850. Tofauti ni kwamba yeye alipokea barua. Ukurasa mmoja, sababu nne: umeomba mikopo mingi kwa muda mfupi, akaunti zako ni changa, kipato ulichotaja hakitoshi kwa ukomo ulioomba, umetumia sehemu kubwa ya mkopo ulionao tayari. Akanitumia picha yake, nikaisoma kama mtu anayesoma barua ya mapenzi ya mwenzake. Akanieleza pia kwamba ile alama yao haina kipato ndani yake kabisa. Historia ya kulipa ina uzito wa asilimia 35, kiasi unachodaiwa asilimia 30, yanayobaki ni umri wa mikopo yako, maombi mapya na aina za mikopo. Mtu anaweza kuwa na alama za juu na mshahara mdogo, akanyimwa, na pasiwe na aliyekosea. Mzee wa Ilazo alinieleza jambo lile lile akiwa amekaa kwenye benchi langu.

Barua ile haikutoka kwenye wema wa benki. Wana sheria ya mwaka 1974 inayompa mkopeshaji siku 30 tangu apokee ombi lililokamilika awe amemjulisha mwombaji, na akikataa ataje sababu mahususi au amwambie kwamba ana haki ya kuziuliza. Sheria nyingine, ya mwaka 1970, inamtaka aliyekataa kwa kutumia taarifa za mikopo amtaje aliyempa taarifa hizo, na mwombaji ana siku 60 za kudai nakala yake bure. Sisemi tuige Marekani kila kitu, wana yao mengi. Lakini mpwa wangu aliisoma ile barua, akatulia miezi kadhaa, akalipa lile deni la zamani, akaomba tena, akapata.

Nasi hatuko mikono mitupu. Mwaka 2019 Benki Kuu ilitoa kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha, na uwazi umo humo. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inayompa mtu haki ya kuzijua taarifa zake na kuzisahihisha, na yenye kifungu kinachohusu maamuzi yanayofanywa na mashine peke yake. Tume yake ipo. Kwa hiyo, Ndugu Gavana, ninaloomba halihitaji Bunge likae. Waraka mmoja kwa mabenki unatosha: ukimkatalia mtu, mwandikie sababu, zile zile zilizofanya skrini iwe nyekundu, kwa Kiswahili ambacho mama wa Makole na baba wa Kibaigwa wataelewa. Zisiwe "vigezo na masharti". Ziwe kama za mpwa wangu, ambazo mtu akizisoma anajua kesho asubuhi aanzie wapi. Na mtu anapouliza tu kama anafaa, kabla hajaomba rasmi, kuuliza huko kusihesabiwe dhidi yake.

Nanyi wakurugenzi wa mabenki, wekeni kwenye fomu nafasi ya kuandika LPO. Siku hizi zabuni za serikali zinapita kwenye mfumo wa manunuzi wa mtandaoni wa NeST, si karatasi ya kughushi barabarani. Mkitaka kuhakikisha, mnahakikisha. Mpeni yule binti wa dawatini uwezo wa kuona sababu, na mpeni afisa mmoja kwa kila tawi anayeweza kukaa na mteja, kufungua stetimenti na kuitazama kama mzee wa Ilazo alivyoitazama. Dakika 20 zilimtosha. Mkiona baada ya hapo bado ni hapana, semeni hapana, nitawaheshimu. Nimewahi kuwanyima watu kazi za mkopo dukani kwangu, tena wengine ndugu. Lakini niliwatazama usoni nikawaambia: shemeji, bado hujanilipa zile kalenda.

Mheshimiwa Waziri, kwako ni fupi. Nina LPO mbili ambazo bado hazijalipwa, moja ya Oktoba, moja ya Januari. Jumla milioni 4 na laki 3. Zikilipwa wiki hii, kadi siihitaji mpaka Agosti.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mama Steshenari
Makole, Dodoma

Nakala: Meneja wa tawi husika. Hii nitampelekea mwenyewe Jumatatu, imechapwa kwenye karatasi ya gramu 100, na sitatoka mlangoni mpaka nakala yangu igongwe muhuri wa IMEPOKELEWA.